Akili unde kwa muuguzi wa Lamu: simu ya mfukoni, kengele ya wodini au ujumbe kwa mama?

Mama mmoja aliingia zahanati yetu ya kisiwani asubuhi, mimba ya miezi minane, akaniambia: "Sista, kitwa chaniuma tangu yana, na mato yaona kiza." Yaani kichwa chamuuma tangu jana, na macho yaona giza. Mimi ni mzawa wa Amu, mji wa Lamu, sikuhitaji mkalimani. Nilimkalisha, nikamfunga mkanda wa presha, ikasoma 170 kwa 112. Hapo hapo nikapiga simu ya boti.

Jioni zamu ilipokwisha, nikaiandikia programu ya akili unde (AI) kwenye simu yangu maneno yale yale, kama alivyoyasema. Ikanishauri apumzike, anywe maji ya kutosha, aepuke mwangaza mkali. Nikayaandika tena kwa Kiswahili sanifu na kuongeza kwamba ana mimba ya miezi minane. Safari hii ikataja kifafa cha mimba, ikasema apelekwe hospitali bila kuchelewa. Programu ni ile ile na mama ni yule yule. Kilichobadilika ni lugha, na yale niliyoyaongeza mimi.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu wauguzi wenzangu, wa Mpeketoni, wa Faza, hata wa Malindi, wananiuliza swali moja: katika hivi vyombo vipya, tuanze na kipi? Kumjibu mtu mwenye zamu ya usiku na vitanda ishirini kwamba akili unde "ni nzuri" au "ni hatari" hakumsaidii kitu. Kuna vyombo vitano tofauti vinavyotembezwa kwa jina moja, na kila kimoja kina kosa la aina yake. Mimi navipima kwa swali moja tu: kikikosea, nani ataliona kosa, na ataliona lini? Penye barabara, kosa likigunduliwa usiku wa manane huitwa ambulensi. Kwetu, maji yakipwa Mkanda, mlango wa bahari wanamopita boti, au pepo za kusi zikichachamaa mwezi wa Juni, mgonjwa na kosa lake wanangoja pamoja.

Programu ya mfukoni, na ile iliyo ndani ya faili

Ya mfukoni kila mtu anaijua. Ni ya bure au karibu na bure, inataka bando na simu ya kisasa, na haimjui mgonjwa wako ila kwa yale uliyoiandikia. Faida yake naikiri bila kusita. Saa tisa za usiku, peke yako zahanati, hakuna wa kumuuliza, inakukumbusha jambo ulilosoma chuoni miaka kumi iliyopita. Mimi huitumia kutayarisha mazungumzo ya kliniki juu ya kunyonyesha, na kuelewa dawa mpya kabla haijafika kabatini.

Hatari yake ni kwamba inajibu kwa sauti ile ile inapojua na isipojua. Chukua mtoto wa kilo 10 mwenye malaria kali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) juu ya sindano ya atesuneti unasema walio chini ya kilo 20 wapewe miligramu 3 kwa kila kilo; miligramu 2.4 kwa kilo ni kipimo cha wakubwa. Mtoto huyu basi apewe miligramu 30. Programu ikichukua kipimo cha mtu mzima itakupa 24, kwa maneno fasaha, hatua kwa hatua, na hakuna kitakachokushtua. Kosa hilo utaliona wewe peke yako, tena iwapo tayari unalijua jibu. Kile kijitabu cha miongozo ya watoto cha Wizara ya Afya, kilichochakaa mfukoni mwa koti, ukikiuliza mara mbili kinakupa jibu moja.

Halafu kuna lugha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wanaouza vyombo hivi hupita mbio. Husema "kinajua Kiswahili". Kiswahili cha nani? Mama wa pwani akisema mtoto ana degedege, muuguzi husikia homa kali, mtukutiko, labda malaria iliyopanda kichwani. Mama mwenyewe, au bibi aliyekaa nyuma yake, huenda anamsikia ndege mbaya ambaye ataka kufukizwa kabla ya sindano yoyote. Muuguzi anazihitaji maana zote mbili, kwa kuwa ile ya pili ndiyo itakayoamua kama mtoto ataachwa atiwe dripu. Akisema chango lamuuma, usikimbilie dawa ya minyoo. Huenda anakueleza habari ya hedhi au ya tumbo la uzazi kwa adabu. Akitaja mshipa, uliza vizuri, maana yaweza kuwa ngiri na yaweza kuwa busha. Hayo hatukufundishwa na kompyuta. Tumefundishwa na wagonjwa.

Sasa iweke ya mfukoni kando ya ile iliyojengwa ndani ya faili la mgonjwa. Mfano wa karibu ni wa Nairobi. Mwaka wa 2025 yalitolewa matokeo ya kliniki 15 za Penda Health zilizotumia mfumo wa AI Consult, katika ziara 39,849 za wagonjwa. Mhudumu anaandika kwenye kompyuta kama kawaida, na mfumo unasoma nyuma yake. Mambo yakiwa sawa unaonyesha kijani, penye shaka manjano, penye hatari nyekundu, na ni nyekundu tu inayomsimamisha. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Wagonjwa wenyewe walipoulizwa hali zao baadaye, tofauti haikuwa dhahiri. Na wahudumu wengi walikuwa maafisa wa kliniki, si wauguzi, kwa hiyo tusizichukue tarakimu hizo na kuzivaa kama nguo iliyoshonewa sisi.

Lakini utaratibu wake ndio nilioupenda. Binadamu anaamua kwanza, mashine inasema baadaye. Ya mfukoni inafanya kinyume: inasema kwanza, nawe unabaki kukubali au kubisha, na mtu aliyechoka hukubali. Tofauti ya nani atangulie kusema ni kubwa kuliko tofauti ya akili za mashine zenyewe.

Gharama yake sasa. Ile ya ndani ya faili inataka faili liwe la kompyuta, umeme usiokatika, mtandao wa kutwa, na mkubwa wa kazi anayewafuatilia watu waitumie. Hata huko Nairobi bila ufuatiliaji huo haikufaa sana. Zahanati yenye paneli moja ya jua na rejista za karatasi haina pa kuifunga. Hospitali kubwa ya Amu au ya Malindi, penye kompyuta wodini, ifikirie. Mwenye rejista abaki na ile ya mfukoni kwa kujisomea, na asiitumie kupimia dawa.

Mwandishi wa sauti

Hapa nitasema machache. Ni programu: unazungumza, yeye anaandika ripoti. Kwa muuguzi anayemaliza zamu na bado ana mafaili kumi ya kujaza, hiyo ni faraja kubwa. Tena mikono inabaki kwa mgonjwa.

Ila mwaka wa 2024 watafiti wa Marekani waliichunguza Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, wakakuta karibu asilimia 1 ya vipande vya sauti vimeongezewa maneno ambayo hayakusemwa kabisa. Ilizidi pale msemaji anaponyamaza sana katikati ya maneno, kama aliyepooza upande na ulimi umekuwa mzito. Wodi zetu zimejaa kimya: anayehema, anayelia, anayeona haya. Na lugha zinachanganyika, Kiamu na Kibajuni na Kipokomo na Kiorma, ukifika Malindi Kigiryama. Kosa la mwandishi huyu ataliona mwenzako wa zamu inayofuata, dawa ikiwa imeshatolewa, naye atadhani ni wewe uliyesema. Kwa sasa mimi simpendekezi.

Kengele ya wodini

Kengele ya kuonya kwamba mgonjwa anazidiwa haikuanza na akili unde. Mwaka wa 2012 chuo cha madaktari bingwa cha London kilitoa jedwali la alama, likarekebishwa 2017: unahesabu pumzi, oksijeni, joto, presha, mapigo na fahamu, kila kimoja kina alama zake, unajumlisha, na jumla inakwambia umwite daktari au umpime tena baada ya saa moja. Linataka kalamu tu.

Ya mashine inaahidi kuona mapema zaidi. Nitaziweka mbili pamoja, maana zimenifunza mambo mawili yanayopingana. Ya kwanza ni ile ya Epic, kampuni ya mifumo ya faili za wagonjwa, ya kutabiri maambukizi yaliyoingia kwenye damu, iliyokuwa ikitumika katika hospitali nyingi za Marekani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliipima na kutangaza mwaka wa 2021 kwamba iliwakosa asilimia 67 ya waliokuwa na ugonjwa huo, na wakati huo huo ikawalilia asilimia 18 ya wagonjwa wote waliolazwa. Fikiria ukiwa zamu. Kengele inalia kitanda cha nne, cha tisa, cha kumi na moja, unakimbia, hakuna kitu. Juma la pili sikio linazoea. Kosa la kengele kama hiyo ni gumu kuliona, kwa sababu aliyekosekana hakuliliwa, na asiyeliliwa hakuna anayekwenda kumtazama.

Ya pili inaitwa CONCERN, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, pamoja na wa Boston, na muuguzi yeyote angependa kusikia habari zake. Haitazami namba za mgonjwa peke yake. Inamtazama muuguzi. Je, amempima mara nyingi kuliko ratiba? Ameandika neno la ziada usiku? Muuguzi mzoefu huingiwa na wasiwasi kabla namba hazijaharibika. Anarudi kitandani bila kujua vizuri amefuata nini. Mfumo unasoma nyayo hizo na kuwaambia madaktari: hapa kuna jambo. Matokeo ya 2025, wagonjwa zaidi ya 60,000, yalionyesha hatari ya kufa ikishuka kwa asilimia 35.6 na siku za kulazwa zikipungua kwa kama asilimia 11. Nilisoma matokeo hayo mara mbili. Miaka yote tunamwambia daktari "huyu simpendi alivyo" na kuulizwa "ushahidi uko wapi?" Ndiyo huo.

Lakini ichukue kengele hiyo uilete wodi yenye wauguzi wawili na wagonjwa arubaini. Hakuna anayerudi kitandani mara ya tatu, si kwa kukosa wasiwasi bali kwa kukosa miguu. Hakuna anayeandika neno la ziada. Mashine iliyofunzwa mahali penye wauguzi wa kutosha itausoma ukimya ule kama utulivu, na pale pale mgonjwa anazama. Kengele hii hula kazi ya muuguzi. Asipokuwepo muuguzi haina chakula.

Na vipimo navyo vina kasoro zake. Kile kifaa cha kubana kidole cha kupimia oksijeni: utafiti wa Marekani wa 2020 ulikuta kwamba kikisoma vizuri, upungufu wa oksijeni ulikuwa umefichika kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, na asilimia 3.6 ya vile vya Wazungu. Kengele yoyote inayokula namba za kifaa hicho italetewa uongo huo huo, halafu iuseme kwa uhakika. Ndiyo sababu namwambia kijana anayeanza kazi atazame midomo na kucha, na ahesabu pumzi kwa dakika nzima.

Kwa hiyo kati ya jedwali la karatasi na kengele ya mashine, wodi zetu zianze na jedwali, lijazwe kweli, kila zamu. Ambaye hajaweza kulijaza la karatasi hana cha kuilisha mashine.

Ujumbe kwa mama, au namba yako mwenyewe

Kenya ina huduma ya PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health. Mama mjamzito anapokea ujumbe mfupi wa bure, anaweza kuuliza kwa ujumbe, akili unde inayapanga maswali, na yale yenye dalili za hatari yanapandishwa juu yamfikie mhudumu aliye mezani, ambaye ni mtu. Shirika hilo hilo lilitoa mwaka wa 2023 modeli ya lugha ya Kiswahili, yaani programu iliyofunzwa kuelewa na kuandika Kiswahili, iitwayo UlizaLlama. Simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, inatosha. Hilo peke yake kwa visiwa vyetu ni jambo kubwa.

Upande wa pili ni vile tunavyofanya wengi wetu: kumpa mama namba yako. Nimefanya hivyo miaka. Faida yake ni kwamba anaongea Kiamu, unamjua, unajua na nyumba yao na nani mwenye boti. Hasara ni kwamba wewe ni mmoja. Simu huita wakati unazalisha, huita ukiwa safarini Mokowe, huita chaji ikiwa imekwisha. Na kosa la kutopokea hakuna anayeliandika popote.

Ujumbe nao una hatari zake. Simu ya nyumba mara nyingi ni ya mume au ya mama mkwe, na habari ya damu au ya kupanga uzazi itasomwa na asiyehusika. Wapo wasiojua kusoma. Na jibu la "nenda hospitali sasa" linadhani hospitali inafikika. Lakini ukirudi kwenye swali langu, hapa kosa lina watu wengi wa kuliona: mhudumu wa mezani, muuguzi wa kliniki siku ya miadi, na mama mwenyewe anayeweza kuandika tena. Katika vyombo vyote vitano hiki ndicho ambacho mashine ikikosea, mtu bado anaweza kuwahi.

Kingine kinachokuja, nakitaja kwa kupita: picha ya mimba inayopigwa kwa kifaa kidogo cha mkononi na kusomwa na akili unde. Utafiti wa Zambia na North Carolina, Marekani, wa 2022 ulionyesha kwamba hata asiye mtaalamu, akikipitisha tumboni kwa mpango maalumu, hupata umri wa mimba kwa usahihi unaokaribia wa fundi. Wanawake wengi wanakuja kliniki hawana tarehe. Kikifika, nitakuwa wa kwanza kujifunza.

Siri, mazoea na kazi zetu

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Watu hudhani ukiondoa jina umemficha mgonjwa. Bara huenda. Andika "mwanamke wa miaka 41, mimba ya saba, kisiwa cha Ndau", na Lamu nzima inamjua. Basi katika programu ya mfukoni usiandike kijiji, usiandike umri kamili, na usipige picha ya kadi ya kliniki. Muuzaji wa mfumo wowote aulizwe data inalala wapi na nani anaisoma, na jibu lake liwe kwa maandishi.

Mazoea yananitia hofu zaidi. Huko Poland, madaktari waliozoea kusaidiwa na akili unde kutafuta vivimbe vya utumbo mpana walipimwa walipokuwa hawana msaada huo. Kiwango chao cha kuvipata kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Wao ni mabingwa. Sasa mfikirie muuguzi mwanafunzi ambaye hajawahi kuhesabu matone ya dripu kwa saa ya mkononi, na mtandao umekatika siku mbili kisiwani, jambo tunalolijua wote.

Kuhusu kazi: mwaka wa 2024 kampuni moja ya Marekani ilitangaza wauguzi wa akili unde kwa chini ya dola 9 kwa saa, na mwezi wa Aprili mwaka huo wauguzi wa San Francisco wakaandamana. Nawaelewa. WHO ilihesabu upungufu wa wauguzi milioni 5.8 duniani mwaka wa 2023, na mwenye pengo kama hilo atashawishika kuliziba kwa kilicho rahisi. Mama anayepewa magnesiamu kwa kifafa cha mimba, kabla ya kila dozi inayofuata, anatakiwa ahesabiwe pumzi, apimwe mkojo, na agongwe goti kuona kama mguu unaitika. Sauti ya kwenye simu haigongi goti. Kaunti ikitaka kununua mfumo kwa bajeti ya kuajiri, tuseme hapana, tuseme mapema, na tuseme kwa pamoja.

Ningechagua hivi

Zahanati ya kisiwani: ujumbe kwa kina mama, pamoja na namba yako kwa walio kwenye hatari. Programu ya mfukoni ya kujisomea tu. Wodi ya hospitali kubwa yenye faili za kompyuta: mfumo wa ndani ya faili, ule unaongoja mhudumu aamue kwanza, baada ya jedwali la alama kujazwa vizuri kwa miezi kadhaa. Kengele ya mashine ingoje idadi ya wauguzi ikae sawa, na mwandishi wa sauti angoje ajue lugha zetu.

Na muuzaji yeyote akija, kabla hamjaongea bei, mpe karatasi yenye malalamiko kumi kama wanavyoyasema wagonjwa wako, bila kuyasanifisha: Kiamu, Kibajuni, huko Malindi Kigiryama. Matano yawe na dalili ya hatari na matano yawe ya kawaida, yachanganywe. Ayaingize mbele yako, kisha mhesabu pamoja yapi yametambuliwa. Karatasi yangu tayari ninayo. La kwanza juu kabisa ni lile la kitwa na mato.